Subira ya Kasigau

Mwaka nilioacha chuo kikuu, neno nililoambiwa mara nyingi kuliko jina langu lilikuwa "vumilia". Mchungaji alilisema akiwa amenishika bega. Shangazi alilisema kwa simu kutoka Mombasa, akaliongezea "tu" mwishoni: vumilia tu. Hata kondakta mmoja wa matatu, kijana tuliyesoma naye sekondari, alilisema huku akinirudishia chenji yangu ya shilingi 20.

Nilikuwa mwaka wa tatu. Karo ilikuwa imekataa, mjomba aliyekuwa akinisaidia alikuwa ameachishwa kazi, nami nilikuwa nimeshafunga na kuomba mpaka magoti yakaniuma. Nikapanda basi la usiku na sanduku moja, nikashuka Voi alfajiri, nikatembea hadi kwa mama kule Mwakingali kabla majirani hawajaamka. Sikutaka kuonekana.

Jikoni kwa mama kulikuwa na leso iliyotundikwa dirishani badala ya pazia. Imeandikwa SUBIRA HUVUTA HERI. Kila asubuhi nikinywa chai niliyasoma maneno hayo, na kila asubuhi nilitaka kuuliza: inaivuta kwa kamba gani, na mbona kamba yenyewe ni ndefu hivi?

Jibu nililolipata sikulipata jikoni, wala kanisani, angalau si mara ya kwanza. Nilianza kulipata makaburini.

Voi ina makaburi ya vita. Wengi tunapita karibu nayo kila siku bila kugeuza shingo. Mawe yamepangwa kwa mistari, nyasi zimekatwa, na makaburi yenyewe yanatunzwa na tume ya Jumuiya ya Madola inayoshughulikia makaburi ya vita. Wamelala hapo askari waliokufa huku kwetu katika Vita Vikuu vya Kwanza. Nilianza kwenda pale jioni kwa sababu, kusema kweli, ni mahali ambapo hakuna mtu angeniuliza "siku hizi unafanya nini?"

Basi nikawa nasoma mawe. Wengi walikuwa vijana. Walitoka mbali, wakafia kwenye nyika ambayo labda hata jina lake hawakuwahi kulitamka sawasawa, na zaidi ya miaka mia moja baadaye kuna mtu analipwa kukata nyasi kando ya vichwa vyao. Sikuwaonea wivu. Lakini siku moja swali likanijia: hivi vita vilipiganwa kwetu. Sisi tulikuwa wapi? Mawe yetu yako wapi?

Nikaanza kutafuta. Chuo nilikuwa nimeacha, lakini kusoma sikuwa nimeacha. Nilikuwa naandika makala za kulipwa kwa simu yangu, mia tano hapa, elfu moja pale, na nikimaliza kazi ya watu nilikuwa nabaki na usiku wangu. Nikasoma kuhusu Taveta, kuhusu Maktau, kuhusu reli. Ndipo nikakutana na Kasigau.

Kasigau ni mlima ambao nimeupita mara nyingi nikienda Mombasa. Umesimama peke yake nyikani, kusini-mashariki mwa Voi, una kimo cha zaidi ya mita 1,600. Juu kuna msitu unaovaa mawingu. Chini, pande zote, ni vichaka vikavu na vumbi jekundu. Maji yanatoka mlimani, na vijiji vimejipanga chini yake: Rukanga, Makwasinyi, Jora, Kiteghe, Bungule. Wakaao hapo ni Wakasigau, ndugu zetu katika jamii ya Wataita pamoja na Wadawida na Wasagalla. Mmisionari Johannes Rebmann alifika huko Oktoba 1847, akaliandika jina la mahali hapo "Kadiaro", miezi michache kabla ya safari yake ya 1848 alipouona Kilimanjaro na theluji yake. Kwa hiyo vitabu vya wageni viliijua Kasigau kabla ya kuujua ule mlima mkubwa unaopigwa picha na kila mtu.

Sasa vita. Vilipoanza Agosti 1914, mpaka kati ya Waingereza na Wajerumani katika Afrika Mashariki ulipita hapa hapa kwetu. Mwezi huo huo Wajerumani wakaiteka Taveta. Kutoka upande wao, vikosi vidogo vilikuwa vinavuka nyika hadi kwenye reli ya Mombasa, vinategea treni baruti, vinarudi. Mwaka 1915 Waingereza wakaanza kujenga reli ya kijeshi kutoka Voi kuelekea magharibi kupitia Maktau, ili wapeleke askari na vifaa mpaka Taveta. Voi, ambayo ilikuwa stesheni tu, ikageuka kambi kubwa.

Katikati ya mambo hayo kulikuwa na mlima mmoja kati ya mpaka na reli. Kwa jeshi, mlima kama Kasigau ni vitu vitatu kwa pamoja: maji, kivuli na jicho. Anayeukalia anaona vumbi la adui likija kabla adui mwenyewe hajafika. Waingereza waliweka askari pale, na Wajerumani wakawashambulia. Baada ya shambulio hilo, wakubwa wa serikali waliamua kwamba wenyeji ndio waliowapa Wajerumani habari.

Hapo ndipo nilipoweka simu chini mara ya kwanza.

Kwa sababu adhabu haikumwangukia mtu mmoja aliyethibitishwa kufanya kosa. Iliwaangukia wote: wazee, wanawake, watoto waliokuwa bado mgongoni. Mwaka huo wa 1915 nyumba zao zilichomwa moto, na watu wa mlima mzima wakahamishwa kwa nguvu hadi Malindi, pwani, mbali na mashamba yao, mbali na makaburi ya wazee wao. Watu waliozoea ubaridi wa mlimani walipelekwa kwenye joto la bahari na homa ya malaria. Wengi wao walikufa huko.

Na mlima je? Desemba 1915 Wajerumani waliukalia. Machi 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yalivuka kuingia upande wa Kilimanjaro, na vita vyenyewe vikahamia kusini. Kasigau haikuwa tena na maana kwa jeshi lolote. Novemba 1918 vita vikaisha kabisa. Lakini uhamisho haukuisha. Baada ya Malindi watu waliletwa Taita, ila si nyumbani. Waliwekwa sehemu nyingine, mlima wao ukiwa mbali. Kurudi Kasigau kulikuja katikati ya miaka ya 1930.

Hebu hesabu mwenyewe. Mtoto aliyebebwa mgongoni mwaka 1915 alirudi akiwa mtu mzima wa miaka 20 hivi. Alirudi mahali asipopakumbuka, ambapo aliambiwa maisha yake yote kwamba ndipo kwao.

Niliposoma hayo nilijua nimepata mfano wa ile leso ya mama. Hawa ndio watu waliovumilia. Nilikuwa hata nimeshaandika kichwa kichwani mwangu: walinyamaza, wakamtumainia Mungu, Mungu akawarudisha. Makala nzuri, fupi, ya kutia moyo. Ingenipa elfu moja na mia tano.

Nikaamua niende kwanza.

Matatu za Kasigau zinatoka Voi, zinafuata barabara kuu ya Mombasa mpaka Maungu, kisha zinaiacha lami na kuingia nyikani. Kutoka hapo mlima unakuwa mbele yako safari nzima, unakua polepole kama mtu anayekuja kukupokea. Kando ya barabara niliona kinyesi cha ndovu, kibichi. Mama mmoja aliyekaa karibu nami, amebeba vifaranga kwenye katoni, aliniambia kwamba wiki hiyo walikuwa wamelala macho wakilinda mahindi. Nikamwambia pole. Akasema, "Tushazoea," halafu akafikiri kidogo, akajirekebisha: "Hapana, hatujazoea. Tunaishi tu."

Rukanga nilikaa kwenye kivuli cha duka moja, nikanunua soda, nikaanza kuzungumza na mzee aliyekuwa amekaa hapo na fimbo yake. Nilimwamkia, nikamweleza natoka wapi, nikamwambia naandika kuhusu wale waliopelekwa Malindi. Hakushangaa. Aliniuliza tu mimi ni wa nani. Nilipomtajia ukoo wa nyanya yangu kule Sagalla, ndipo akaniruhusu niendelee.

"Mzee," nikasema, "nataka kujua walivumilia vipi miaka yote hiyo."

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu kisichouzwa.

"Nani amekwambia walivumilia?"

"Si walirudi?"

"Walirudi. Lakini wewe unasema kuvumilia kama kunyamaza. Hao hawakunyamaza. Walilia. Walikuwa wanalia huku wanalima. Wanaomba huku wanamuuliza Mungu maswali. Sisi tumezaliwa wao wakiwa wamesharudi, na bado tuliyakuta hayo maneno nyumbani. Kama wangenyamaza, wewe leo ungekuja kuuliza nini?"

Sikuwa na jibu. Ile makala yangu fupi ya kutia moyo ilifia pale, mbele ya soda iliyopata joto.

Niliporudi Voi sikukaa. Jumamosi iliyofuata nilipanda Sagalla kwa nyanya yangu.

Sagalla ndiyo mlima unaouona ukiwa Voi, ule mrefu kama ukuta upande wa kusini. Huko ndiko Ukristo ulikoanzia kwetu. Mwaka 1883 mmisionari J. A. Wray wa shirika la CMS alikuja kukaa na Wasagalla. Hakukaribishwa na heri. Katika miaka hiyo mvua ilikata, njaa ikaingia, na wako waliomshuku yeye, mgeni, kwamba ndiye aliyeizuia mvua. Kazi yake ilivunjika kwa muda, akashuka pwani, kisha akarudi tena. Zamani hadithi hiyo ilikuwa inanichekesha. Siku hizi hainichekeshi, kwa sababu na mimi nilimfanya Mungu hivyo hivyo. Mwaka wa pili chuoni nilifunga siku tatu nikidai karo kama mtu anayedai mvua. Mvua haikuja, nikaanza kutafuta nani ameizuia.

Nyanya yangu ni mama wa kanisa. Ana kitambaa chake cha kichwa cha Jumapili ambacho hakivaliwi siku nyingine hata kwa bahati mbaya. Nilimsimulia habari za mzee wa Rukanga. Alikuwa anachambua mboga, hakuinua kichwa, lakini nilijua anasikiliza kwa sababu mikono ilipunguza mwendo.

"Zamani," akasema, "mtu hakuruhusiwa kukaa na hasira. Ilikuwa hatari. Wazee walikuwa wanatasa."

Neno hilo nilikuwa nimelisikia utotoni bila kulishika. Kutasa. Baadaye nilikuja kugundua kwamba mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyeishi na Wataita mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliandika kitabu kizima juu ya jambo hilo, akakiita Casting Out Anger, kikatoka mwaka 1978. Lakini kwanza nililisikia kwa nyanya, nami nitalieleza hivi nilivyolielewa kwa yeye na kwa kitabu.

Katika dini ya zamani ya Wataita, hasira iliyofichwa moyoni haikuonekana kuwa jambo la mtu binafsi. Ilikuwa na nguvu ya kudhuru. Mtu aliyekosewa, akiiweka hasira yake ndani, mtoto wa jirani angeweza kuugua, mifugo ingeweza kufa, hata kama mwenye hasira hakutaka jambo hilo litokee. Wazee waliokufa nao wangeweza kukasirika. Mlungu mwenyewe, Muumba, angeweza kukasirika. Kwa hiyo mambo yakiharibika, swali la kwanza halikuwa "nani mchawi?" peke yake, lilikuwa pia "nani amekasirika, na kwa nini?" Akijulikana, aliitwa. Alichukua maji au pombe ya miwa kinywani, akaitema kwa kurashia, na pamoja na kuitema akasema maneno: kwamba kweli alikosewa, kwamba alikasirika, na kwamba sasa anaitoa hasira hiyo, iende zake, watu wapate afya, mvua inyeshe, watoto wakue.

Sikiliza mpangilio wake. Aliyekosewa haambiwi "vumilia tu". Haambiwi kwamba hakukosewa. Kwanza jamii nzima inakaa kimya na kukubali kwamba ana hasira na hasira hiyo ina chanzo. Kisha anaitamka. Kisha anaitema. Kinachobaki baada ya hapo kina jina katika lugha yetu: sere. Ni amani, lakini si amani ya kutokuwepo vita tu. Ni afya, ni utulivu wa nyumba, ni hali ya mambo kukaa mahali pake. Ukiniuliza Wataita wa zamani waliitaje furaha, nadhani ningekutajia neno hilo.

"Sasa kanisani mnatasa?" nikamuuliza nyanya kwa utani.

"Hatutasi. Tunaomba." Akatupa jani bovu. "Lakini hasira ukiimeza haifi, mjukuu wangu. Inakaa tumboni inakula unachokula wewe."

Halafu akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Wewe umekonda."

Nilishuka Sagalla jioni ile nikiwa na Biblia ya nyanya kichwani, maana tangu utotoni amenisomea. Nilikuwa namfikiria Ayubu. Kila mtu anasema subira ya Ayubu. Lakini umewahi kuhesabu? Kitabu chake kina sura 42. Katika sura mbili za kwanza anapoteza mali, watoto na afya, na anasema maneno mazuri ambayo wahubiri huyapenda. Kuanzia sura ya tatu anafungua kinywa na kuilaani siku aliyozaliwa, na hanyamazi tena karibu kitabu kizima. Analalamika. Anamwita Mungu mahakamani. Marafiki zake ndio wanaomwambia atulie, na mwishoni Mungu anawakasirikia hao marafiki, anasema hawakunena sawasawa kama Ayubu alivyonena. Kwa hiyo mtu tunayemwita mfano wa subira alikuwa mlalamikaji mkubwa. Tofauti yake ni moja tu: malalamiko yake aliyapeleka kwa Mungu, hakuondoka nayo.

Rafiki yangu Mwislamu, fundi simu pale mjini, aliponisikia nikieleza hivyo aliniambia kwamba kwao kuna Nabii Yakubu. Alipopotelewa na Yusufu alisema atashika subira iliyo njema. Na ni huyo huyo aliyelia mpaka macho yakawa meupe kwa huzuni, akasema kwamba mashtaka yake anampelekea Mwenyezi Mungu. "Subira si kutolia, bro," akaniambia, huku anafungua kioo cha simu ya mteja kwa kisu chembamba. "Ni kujua unamlilia nani." Neno lenyewe, subira, tumelipokea kutoka Kiarabu. Labda tulipolipokea tuliacha nusu yake njiani.

Naogopa mtu asome hapa akafikiri nasema kila kitu kinaishia kwenye maombi na machozi. Sivyo. Kuna subira ambayo mtu anaichagua, na kuna subira ambayo anachaguliwa na wenye nguvu. Waliochoma nyumba za Kasigau wangefurahi sana kama watu wangenyamaza milele na kuita kunyamaza huko imani. Wataita walilijua hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1930, serikali ya kikoloni ilipotaka kuwahamisha watu wa milimani na malalamiko ya ardhi yakazidi, kiliundwa chama cha Taita Hills Association, Woresha Mengo akiwa miongoni mwa viongozi wake. Walisema. Waliandika. Mwaka 1940 serikali ikakipiga marufuku pamoja na Kikuyu Central Association na Ukamba Members Association, na viongozi wakatiwa kizuizini. Hao nao ni watu waliongoja, tena kwa miaka mingi, lakini walingoja wakiwa wameshasema wanachongojea.

Na hata kurudi Kasigau hakukuwa kurudishiwa kila kitu. Waliofia Malindi hawakurudi. Ardhi ya kuzunguka mlima, nyika ambayo zamani ilikuwa ya kuwinda na kulisha, haikuwa tena yao kama ilivyokuwa. Mwaka 1948 ikatangazwa hifadhi ya Tsavo, na leo sehemu kubwa ya kaunti yetu ni mbuga. Ndio maana yule mama wa vifaranga anakesha akilinda mahindi. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba waliovumilia walilipwa. Ninachoweza kukuambia ni kwamba walijenga tena nyumba, wakapanda, wakazaa, wakajenga makanisa na shule chini ya mlima ule ule, na watoto wao wakazaliwa kwao. Furaha yao haikungoja haki ikamilike. Wangeingoja haki ikamilike ndipo wafurahi, wangekuwa bado hawajafurahi mpaka leo.

Jumapili moja usiku, umeme ulikuwa umepotea, mimi na mama tumekaa jikoni na mshumaa. Sijui ni giza au ni nini. Nikamwambia, "Mama, nimekasirika."

Akasema, "Na nani?"

Nikaanza kutaja. Nikamtaja mjomba, ambaye hakuwa na kosa. Nikakitaja chuo. Nikawataja wenzangu waliofuzu wakaweka picha za majoho kwenye simu zao. Nikamtaja Mungu, na hapo sauti ikanikatika kidogo, kwa sababu nilikuwa sijawahi kulisema hilo kwa mdomo. Mwishowe nikamtaja yeye mwenyewe, mama, na leso yake ya dirishani.

Mama alinyamaza muda mrefu. Nilidhani ataniambia vumilia. Akasema, "Hata mimi nimekasirika. Tangu ile asubuhi ulipoingia na sanduku. Niliuza mbuzi wawili kwa ile karo." Kisha akacheka, na nikacheka, na mara tukawa tunalia wote wawili kama watu waliofiwa. Tulipomaliza tukaomba. Yalikuwa maombi mafupi kuliko yote niliyowahi kuomba, na kwa mara ya kwanza tangu niondoke chuoni sikuomba karo. Sikuomba kitu. Nilimweleza tu.

Asubuhi yake hakuna kilichobadilika. Sina shahada mpaka leo. Bado naandika kwa simu, ingawa sasa ni laptopu iliyotumika, na mwezi ukiwa mzuri mimi ndiye ninayenunua umeme wa nyumba. Lakini usiku ule nililala bila kuamka saa tisa, na nilipoamka nilikuwa na njaa. Nyanya alipokuja kututembelea mwezi uliofuata alinizunguka, akanitazama, akasema nimeanza kurudi. Sikumuuliza kurudi wapi. Nilijua.

Ile leso bado iko dirishani. Nimeacha kugombana nayo. Siku hizi nikiisoma naisoma kama methali iliyokatwa katikati, ambayo kila mtu lazima aimalizie mwanzo wake kwa kinywa chake.

Na bado naenda makaburini, si mara nyingi kama zamani. Jioni moja nilisimama pale mbele ya mistari ya mawe, jua linazama nyuma ya milima ya Taita, na treni ya Nairobi inapita juu ya tuta lake. Nikasoma majina ya vijana wale kama kawaida. Kisha, kwa kuwa wale waliofia Malindi sijaliona jiwe lao popote, nikataja kwa sauti majina ya vijiji vyao, kimoja kimoja: Rukanga, Makwasinyi, Jora, Kiteghe, Bungule. Mlinzi alinitazama, akadhani nazungumza na simu.

Nilikuwa nimebeba chupa ya maji. Nikanywa fumba moja, nikaliweka kinywani kidogo, nikaitema ardhini.